Pepsini: kimeng'enya chenye jina la jikoni

Embe limeiva. Wali umeiva. Kitenzi ni kimoja, ingawa embe limeivia mtini bila mtu kuwasha moto na wali umeivia jikoni juu ya mafiga. Mswahili hasumbuki na tofauti hiyo. Kilichokuwa kigumu kimelainika, kilichokuwa hakiliki sasa kinalika, basi kimeiva.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno la namna hiyo, pepsis, ila wao walilivuta mbele zaidi kuliko sisi. Tini likiwa mtini lilipata pepsis. Mchuzi chunguni ulipata pepsis. Na chakula ulichokimeza nacho kilipata pepsis, humo humo tumboni mwako. Kuiva, kupikwa na kumeng'enywa, yote matatu kwa neno moja.

Neno hilo ndilo limejificha ndani ya pepsini, kile kimeng'enya cha tumboni ulichokikariri shuleni: "pepsini huvunja protini". Ukalijibu swali, ukapata alama yako, ukaendelea na mengine. Lakini jina hili lina mkasa. Mtu aliyelitoa, mwaka 1836, alikuwa ametoka tu kuonyesha kwamba kazi ya tumbo hufanywa na kitu fulani kilichomo ndani ya maji yake, wala si mapishi. Tena kitu chenyewe alichokipa jina la mapishi, ukikichemsha tu, kinaharibika.

Sasa ilikuwaje? Turudi nyuma kidogo.

Tumbo kama chungu

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Meteorologia, aliigawa pepsis katika aina tatu: kuiva kwa matunda, kuchemsha na kuchoma. Kwake yeye zote zilikuwa kazi ya joto. Joto linaikamata mali ghafi yenye majimaji na kuikamilisha. Mmeng'enyo wa chakula ukaingia humo humo: ni mchemsho, tofauti ni kwamba moto wake ni joto la asili la mwili.

Karne kadhaa baadaye tabibu Galen alilipanua wazo hilo. Kwake tumbo lilikuwa kama chungu kikubwa, na viungo vinavyolizunguka, ini likiwemo, vilikuwa kama meko yanayokipa chungu joto. Picha hii ilikaa vichwani mwa matabibu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Usiwacheke haraka. Fikiria ushahidi waliokuwa nao. Mwili hai una joto, maiti ni baridi. Nyama ikichemshwa muda mrefu inakuwa laini, na chakula kilichotapikwa baada ya saa mbili nacho ni laini. Mtu mwenye homa hula kidogo na tumbo humsumbua, kana kwamba moto umezidi. Kama huna darubini wala kemia, chungu ni maelezo mazuri tu.

Tatizo lilikuwa samaki. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, tabibu na mkemia kutoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliuliza swali ambalo hata mtoto wa mvuvi angeweza kuliuliza: kama joto ndilo linalomeng'enya chakula, mbona samaki anameng'enya vizuri tu na mwili wake ni wa baridi? Jibu lake mwenyewe lilikuwa kwamba tumboni kuna kichachusho, kitu chenye ukali kinachobadilisha chakula kama vile hamira inavyobadilisha donge la unga.

Upande mwingine kulikuwa na watu waliouona mwili kama mashine. Mtaliano Giovanni Borelli na wenzake walisema tumbo linasaga. Walikuwa na hoja, kwa sababu firigisi ya ndege ina nguvu za ajabu, inaweza kuvunja hata vitu vigumu sana. Na hapa Kiswahili cha kila siku kipo upande wa Borelli kabisa. Nenda zahanati yoyote, utasikia mgonjwa anasema, "Daktari, tumbo langu halisagi chakula." Hasemi halipiki.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1700 kulikuwa na kambi tatu: kupika, kusaga, na kuchachusha. Kelele zilikuwa nyingi, majaribio yalikuwa machache.

Mwewe, mifuko ya kitambaa na makwapa

Mfaransa René Antoine Ferchault de Réaumur alikuwa anafuga mwewe. Mwewe ana tabia moja yenye manufaa kwa mtafiti: anatapika vitu asivyoweza kumeng'enya, kama manyoya na mifupa. Réaumur akatengeneza mirija midogo ya chuma, akatia nyama ndani yake, akamlisha mwewe.

Fikiria ujanja wa jaribio hili. Nyama ikiwa ndani ya mrija wa chuma, tumbo haliwezi kuisaga, maana ukuta wa tumbo hauigusi. Maji ya tumboni tu ndiyo yanaweza kupenya. Mwewe alipoutapika mrija, nyama ilikuwa imepungua na kulainika. Hakukuwa na dalili ya kusagwa, wala ya kuoza. Matokeo hayo ya mwaka 1752 yaliiweka kambi ya kusaga mahali pabaya. Firigisi ya kuku inasaga, ndiyo, lakini kusaga peke yake si mmeng'enyo.

Padri wa Kiitaliano Lazzaro Spallanzani, aliyekuwa profesa huko Pavia, aliichukua kazi hiyo akaifikisha mbali zaidi. Alijaribu kwa ndege, vyura, nyoka, samaki, na mwishowe kwa mtu aliyekuwa karibu kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Alimeza vifuko vya kitambaa vyenye mkate na nyama, akasubiri vitoke, akaangalia kilichobaki. Kisha akachukua maji ya tumbo la wanyama, akayatia kwenye mirija ya kioo pamoja na nyama. Yalihitaji joto la mwili ili yafanye kazi vizuri, na mashine ya kutunza joto hakuwa nayo. Akafanya nini? Akaibana mirija kwapani na kutembea nayo siku kadhaa.

Nyama iliyeyuka. Kitabu chake cha mwaka 1780 kilikuwa kimethibitisha jambo zito: maji ya tumboni yanaweza kufanya kazi yake nje ya tumbo. Joto linasaidia kuharakisha kazi, lakini joto si mfanyakazi.

Mtu mwenye dirisha tumboni

Mwaka 1824 Mwingereza William Prout alichapisha ugunduzi kwamba asidi iliyomo tumboni ni asidi ya haidrokloriki. Wengi wangeweza kusema basi, jibu limepatikana: asidi inakula chakula, kesi imefungwa. Lakini asidi hiyo hiyo ukiichanganya na maji kwenye chupa haiyeyushi nyama kama tumbo linavyofanya. Kulikuwa na kitu kingine.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, mtu mmoja alikuwa ametobolewa tumbo. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ndani ya duka la kampuni ya biashara ya ngozi na kumjeruhi kijana mpiga makasia kutoka Kanada, Alexis St. Martin. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu. Hakuna aliyetegemea angepona. Alipona, lakini tundu la tumboni halikuziba. Ukitazama pale ubavuni, uliona ndani ya tumbo.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alilitumia tundu hilo. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza, akavivuta baada ya saa moja, mbili, tatu. Aliingiza kipimajoto, akakuta joto la kama nyuzi 38 za Selsiasi, joto la mwili la kawaida kabisa. Hilo ni joto la kuogea, hakuna chungu kinachoivisha nyama kwa joto hilo. Alichota maji ya tumboni, akayaweka chupani pamoja na nyama, akayatunza katika joto hilo hilo, nyama ikayeyuka taratibu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833 na kusomwa sana Ulaya.

Vitabu vingi vya shule vinaishia hapo na kumsifu daktari. Lakini St. Martin hakuwa chupa. Alikuwa mtu maskini, asiyejua kusoma, aliyewekwa kwenye mkataba wa dola 150 kwa mwaka pamoja na chakula na malazi ili tumbo lake litumike, huku akifanya kazi za nyumbani kwa daktari huyo. Mara ya kwanza aliondoka bila ruhusa, akarudi kwao Kanada, akaoa. Beaumont aliandika pia kwamba St. Martin alipokasirika mmeng'enyo wake uliharibika. Yaani hasira za mtu huyo zimeingia katika historia ya sayansi kama data.

Daktari alifariki mwaka 1853. St. Martin akaishi miaka 27 zaidi, hadi 1880. Alipofariki, familia yake iliuacha mwili uanze kuoza na kisha wakamzika kwenye kaburi refu kuliko kawaida, ili madaktari wasije kulichukua tumbo. Ukilisoma jina pepsini, kumbuka kwamba sehemu ya ushahidi ilitoka ubavuni mwa mtu ambaye watu wake waliona hiyo ndiyo njia pekee ya kumpumzisha.

Berlin, 1836

Sasa tumfikie mtoa jina. Theodor Schwann alikuwa kijana wa miaka 25, msaidizi katika maabara ya Johannes Müller jijini Berlin. Umri wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kama wengi wetu. Huyu ndiye ambaye mwaka 1839 angetangaza kwamba wanyama, kama mimea, wameundwa kwa seli. Lakini kabla ya seli kulikuwa na tumbo.

Mwaka 1834 Johann Eberle alikuwa ameonyesha kwamba ukichukua utando wa ndani wa tumbo la mnyama, ukauloweka kwenye asidi iliyozimuliwa, unapata majimaji yanayomeng'enya chakula. Schwann alitaka kujua: ni nini hasa ndani ya majimaji hayo?

Alitumia ute wa yai uliogandishwa kwa kuchemshwa. Akauweka kwenye asidi peke yake: hakuna mmeng'enyo wa maana. Akauweka kwenye asidi iliyolowekewa utando wa tumbo: ute ukayeyuka. Akayachuja majimaji yake ili kisibaki kipande cha utando, bado yakafanya kazi. Kumbe kitu chenyewe kinayeyuka katika maji. Akayazimua sana, bado yakafanya kazi, ikiwa asidi ipo. Kumbe kiasi kidogo mno kinatosha, jambo ambalo si la kawaida kwa kemikali inayotumika na kwisha. Kisha akayachemsha. Kazi ikafa.

Hiyo ndiyo alama ya kidole ya kitu kipya. Schwann hakuweza kukipata kikiwa safi, lakini alikijua kwa matendo yake, kama unavyomjua mwizi kwa nyayo kabla hujamwona sura. Akakiita pepsini.

Kwa nini jina hilo? Kwa sababu katika lugha ya tiba ya wakati wake, pepsis ilikuwa na maana moja tu iliyobaki hai: mmeng'enyo. Harufu ya jikoni ilikuwa imeshapotea, kama sisi tunavyosema "kusaga chakula" bila kufikiria kinu. Schwann alichukua neno la kawaida la kazi hiyo, akaongeza mkia wa "-in" uliokuwa ukitumika kwenye majina ya kemikali, akaendelea na kazi. Hakuna dalili kwamba alikuwa anatania. Utani umefanywa na historia: kitu kinachouawa na mchemsho kimeitwa kwa jina la mchemsho.

Ukitaka kuona kazi ya namna hii bila maabara, nenda kwa mchoma mishkaki. Anasaga papai bichi, anapaka nyama, anaiacha kidogo kabla ya kuitia motoni. Papai bichi lina papaini, kimeng'enya kingine kinachokata protini. Nyama inalainika ikiwa mbichi, hakuna moto. Na mchomaji anajua kwamba ukizidisha muda nyama inakuwa rojo. Huo ni mmeng'enyo kwenye bakuli.

Kilichokuwa kinagombaniwa

Unaweza kuuliza, majina ya Kigiriki yana umuhimu gani? Yalikuwa na umuhimu, kwa sababu chini yake kulikuwa na swali kubwa: je, uhai unahitaji nguvu ya pekee, au ni kemia? Kama mmeng'enyo unafanyika chupani bila mnyama, basi angalau kazi moja ya mwili haihitaji mwili uwe hai.

Lakini Schwann huyo huyo, mwaka 1837, alisema pia kwamba hamira ni kiumbe hai, na kwamba ndiyo inayogeuza sukari kuwa pombe. Wakemia wakubwa wa Ujerumani walimcheka hadharani, kwa makala ya dhihaka iliyochapishwa mwaka 1839. Ikawa kuna vichachusho vya aina mbili: vilivyo hai kama hamira, na visivyo hai kama pepsini. Ili kuvitofautisha, Wilhelm Kühne wa Heidelberg alipendekeza mwaka 1876 kwamba hivi visivyo hai viitwe "enzym", neno la Kigiriki lenye maana ya "ndani ya hamira". Ndiyo, umesoma sawasawa. Neno lililokusudiwa kuitenga pepsini na hamira lina hamira ndani yake.

Mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, na maji yake yasiyo na seli hata moja yakachachusha sukari. Ukuta kati ya aina mbili ukaanguka, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Mwaka 1930 Mmarekani John Northrop alipata fuwele safi za pepsini na kuonyesha kwamba ni protini. Yaani pepsini, mkata protini, yenyewe ni protini, na ndiyo maana kuichemsha kunaivuruga kama kunavyovuruga ute wa yai. Mwaka 1934, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot walipiga miali ya eksirei kwenye fuwele za pepsini, ikawa protini ya kwanza iliyoganda kwa fuwele kutoa picha nzuri ya namna hiyo. Kile alichokijua Schwann kwa nyayo, sasa sura yake ilianza kuonekana.

Majina yaliyobaki njiani

Ukishaijua hadithi hii, utaanza kuyaona mabaki yake kila mahali. Kwenye kijikaratasi cha dawa za tumbo unakuta neno dispepsia: "dis" ni vibaya, "pepsia" ni kuiva. Tumbo limepika vibaya. Mfamasia Caleb Bradham wa North Carolina alitengeneza kinywaji alichokinadi kuwa kinasaidia tatizo hilo, na mwaka 1898 akakiita Pepsi-Cola. Ile chupa baridi unayoagiza na chipsi ina neno la Aristotle kwenye kizibo.

Utaona pia kwa nini pepsini na tripsini zinaishia na "-ini" wakati amilesi na lipesi zina mkia mwingine. Kanuni ya kuvipa vimeng'enya mkia mmoja, uliotoka kwenye diastesi ya mwaka 1833, ilipendekezwa na Émile Duclaux mwishoni mwa karne ya 19. Pepsini ilikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Mzee hakubadilishiwa jina.

Na sisi je? Neno letu ni kimeng'enya. Kumeng'enya ni kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, kama unavyomeng'enya mkate mkavu kwa vidole. Kwa pepsini neno hili limelenga kuliko la Kigiriki. Protini ni mnyororo mrefu, na pepsini inaukatakata mnyororo huo ndani ya asidi. Haipiki, haisagi, inameng'enya. Aliyeingia sekondari na neno hili tayari ameshapata nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Lakini nalo lina tarehe yake. Tumeviita vyote vimeng'enya kwa sababu vile vya chakula ndivyo vilivyojulikana mapema na kufundishwa kwanza. Mwilini mwako sasa hivi kuna vimeng'enya vinavyounganisha vipande na kujenga DNA mpya, havimeng'enyi chochote. Mwanafunzi mwenye maswali atauliza siku moja: kimeng'enya kinajengaje? Asikemewe. Aelezwe kwamba neno lilitoka tumboni, kama pepsini ilivyotoka jikoni, na kwamba wote waliotoa majina haya walitumia neno zuri kuliko yote waliyokuwa nayo siku hiyo.